Mstari Mmoja Mtupu

Projekta ilikuwa ya kuazima na ukuta ulikuwa wa kijani, kwa hiyo kila nilichowaonyesha siku ile kilikuwa na rangi ya majani. Viti vya plastiki, feni inayolalamika, wajumbe wa bodi ya chama cha msingi mstari wa mbele, na nyuma yao mkaguzi aliyekuja kuulizia "nyaraka za mfumo".

Mfumo wenyewe ni skripti yangu ya Python, lugha ya kuandikia programu, inayopiga hesabu za malipo ya korosho za wanachama. Nyaraka zake hazikuwepo. Nilikuwa nimezipika asubuhi hiyohiyo, chai ikiwa bado ya moto, kwa amri moja:

`python -m pydoc -w malipo`

Amri hiyo huifungua skripti, hukusanya maelezo yaliyomo ndani yake, kisha hukuachia ukurasa wa HTML. Kufumba na kufumbua. Nilitazama tu kama umetokea, nikaunakili kwenye flashi, nikaondoka. Sikuusoma. Nani husoma nyaraka alizoziandika mwenyewe?

Basi nikawa nashuka taratibu mbele ya wazee wale. Jina la moduli. Utepe wa rangi ya chungwa juu ya orodha ya fanksheni, vile vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake. Fanksheni ya kwanza, ya pili. Ya tatu iliitwa `toa_makato`, na chini yake ukuta ukasema:

`# Mwenyekiti anataka hivi. Msiniulize, hata mimi sijui.`

Mwenyekiti alikuwa kiti cha pili kutoka kushoto. Alivaa miwani, akasoma. Akaivua.

"Endelea, kijana," akasema.

Nikaendelea.

## Alama ya reli

Aliyewahi kuandika Python anajua kwamba kilichotanguliwa na alama ya reli (`#`), yaani komenti, hakimhusu mtu. Kompyuta hukiruka. Dokistringi ni habari nyingine: ni yale maneno unayoyaweka ndani ya alama tatu za kunukuu, mstari wa kwanza baada ya `def`, neno linaloanzisha fanksheni, na Python huyahifadhi pamoja na fanksheni yenyewe, kwenye `__doc__`. Ukiita `help()`, ndiyo yanayojitokeza.

Kwa hiyo miaka yote nimeishi na sehemu mbili za kusemea. Dokistringi ni mimbari. Komenti ni kunong'ona, mimi na atakayefungua faili hili baada yangu, ambaye mara nyingi ni mimi tena, usiku, nikiwa nimesahau.

Nisichokijua, ingawa kimeandikwa waziwazi kwenye maelezo ya pydoc, kile chombo nilichokiita asubuhi ile, ni kwamba fanksheni isipokuwa na dokistringi, pydoc haikati tamaa. Hupanda juu ya `def`, na ikikuta komenti zimekaa palepale, huzichukua. Huzichukua na alama zake za reli, kama mtu aliyekamatwa na kanga ya jirani bado iko mabegani.

Sharti ni moja: komenti ziwe zimegusana na `def`.

Mstari mmoja mtupu ungeniokoa.

Aibu yenyewe haikudumu. Jioni katibu alikuwa ameshanipa jina, "Msiniulize", na jina la utani likishapatikana aibu huwa imeshakuwa kichekesho. Kilichobaki kikinikera, wiki ya kwanza, ya pili, hata ya tano, ni kitu nilichokiona nilipolirudia faili lile usiku ule kutafuta mabomu mengine.

## Lugha mbili, faili moja

Dokistringi zangu zote zilikuwa za Kiingereza. Komenti zangu zote zilikuwa za Kiswahili.

Sikuwahi kupanga hivyo. Hakuna kikao tulichokaa. Lakini mistari mia nane ilikuwa imegawanyika kama nyumba yenye sebule na uani. Sebuleni: `Return net weight.` `Process deductions.` Kiingereza cha barua ya kuomba kazi, kila sentensi imechomekea shati. Uani: "gunia la mkonge na la juti hayalingani uzito, usiamini fomu", "hapa mtandao wa benki hulala saa nne, subiri", "karani wa zamani aliandika jina hili kwa R, wengine kwa L, ni mtu yuleyule".

Nikajiuliza, kati ya hizi mbili, nyaraka ni zipi?

Kuna mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, PEP 8, ambao wengi tunauchukulia kama msahafu. Unawaomba waandishi wa msimbo kutoka nchi zisizozungumza Kiingereza waandike komenti kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo huo hautasomwa kamwe na mtu asiyejua lugha yao. Asilimia 120! Naelewa wanakotoka. Ukiandika maktaba ya kutumiwa na dunia, dunia ielewe. Lakini skripti hii inapiga hesabu ya korosho za vijiji sita. Uhakika nilionao ni wa upande wa pili: atakayeirithi ni kijana wa hapahapa, na Kiingereza changu atakisoma kwa heshima bila kukiuliza swali.

(Nasema "msimbo" kwa makusudi. Vijana husema "kodi", lakini ukisema mbele ya bodi ya chama kwamba umebadilisha kodi, kikao kitaisha usiku.)

PEP 257, ile ya mwaka 2001 inayohusu dokistringi, ina sharti jingine ninalolipenda zaidi. Inataka mstari wa kwanza uwe amri, usiwe maelezo: useme "fanya hiki, rudisha kile", usiseme fanksheni "hufanya" au "hurudisha". Kwa Kiingereza tofauti ni herufi moja mwishoni mwa kitenzi na wengi hawaioni. Kwa Kiswahili ni kama mchana na usiku. *Hurudisha uzito* ni tabia, unamsimulia mtu habari za mashine. *Rudisha uzito* ni neno ambalo mkulima anaweza kukuambia akiwa amekushika shati.

## Ukurasa msafi

Nilichofanya kwanza ndicho ambacho kila mtu angefanya. Nilisafisha.

Niliachana na pydoc nikahamia Sphinx, chombo cha kutengenezea nyaraka alichokitoa Georg Brandl mwaka 2008, baada ya kukitengeneza kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe. Sphinx ina kiungo kinachoitwa autodoc, nacho kina adabu. Hakipandi juu ya `def` kuokota minong'ono. Kinachukua dokistringi, komenti ya kawaida kinaiacha ilipo.

Adabu hiyo ina bei yake, na niitaje hapa kwa sababu itawakuta wengine: autodoc, sawa na pydoc, haisomi faili kama unavyosoma gazeti. Inaliendesha. Kila kilicho nje ya fanksheni kinatekelezwa. Mara ya kwanza nilipotengeneza kurasa, skripti yangu nyingine ya zamani, isiyo na ule ulinzi wa `if __name__ == "__main__":` unaozuia kazi kuanza faili likifunguliwa kwa kusomwa tu, ilianza kuunganisha seva na kutafuta orodha ya wanachama. Nilichomoa waya wa intaneti kwa mkono. Nilikuwa nataka maandishi, nusura nilipe watu.

Baada ya hapo ukapatikana ukurasa wa maana. Una menyu pembeni, una sehemu ya kutafutia. Komenti nilizipunguza kwa ukali wa mtu aliyeaibishwa. Zile zilizokuwa na maana nilizitafsiri nikaziingiza kwenye dokistringi, kwa Kiingereza, na kila nilipotafsiri nilihisi kitu kinadondoka njiani. "Usiamini fomu" ikawa `Validates sack type.` Fanksheni haijawahi kuhakiki aina ya gunia maishani mwake.

Mkaguzi alifurahi. Aliomba nakala ya PDF.

Na `toa_makato`? Hiyo sikuiandikia dokistringi, kwa sababu komenti yake nilishaifuta na sikuwa na kingine cha kusema. Sphinx ikikuta fanksheni haina dokistringi, usipoiambia vinginevyo, haiitaji kabisa. Hivyo kazi pekee katika mfumo mzima iliyokuwa inachukua fedha za watu haikuonekana popote kwenye nyaraka.

Nililiona hilo. Nikasema nitalirudia.

## Nusu kilo

Sasa nirudi nyuma misimu miwili.

Mama mmoja alikuja ghalani na karatasi zake mbili za mzani. Gunia la kwanza, baada ya kutoa kilo moja ya gunia lenyewe, lilikuwa kilo 80.5. La pili, 78.5. Kwenye leja yetu alikuwa na 80 na 78. Akasema sawa, mmeshusha nusu, ndiyo utaratibu. Kisha akatoa karatasi za jirani yake: 81.5 na 79.5. Jirani kwenye leja alikuwa na 82 na 80.

"Mwanangu," akaniambia, na watu wamesimama, "hii mashine yako inamjua jirani yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia `round()`, amri ya Python ya kukadiria namba, na nilikuwa najua, kama kila mtu anavyojua, kwamba nusu hupandishwa juu. Nilikwenda nyumbani nikaijaribu. `round(80.5)` ikanipa 80. `round(81.5)` ikanipa 82. Ndivyo ilivyo tangu Python 3: nusu kamili huelekea kwenye namba shufwa iliyo karibu. Python 2 haikuwa hivyo. Na ina sababu nzuri: ukikadiria namba maelfu, zinazopanda na zinazoshuka hufidiana, jumla haipindi. Kwa ghala zima ni haki. Kwa mama yule na jirani yake, waliopishana kilo moja kwenye kila gunia, ni kilo mbili za tofauti zisizo na mwenyewe.

Nikabadilisha. Uzito ukawa unahifadhiwa na nusu yake, kwa `Decimal`, aina ya namba inayotunza desimali kama zilivyoandikwa, na kukadiria kukafanyika mara moja tu, mwisho, kwenye jumla ya mkulima. Na juu ya fanksheni nikaandika komenti ndefu ya hasira, iliyoanza hivi: "USIKADIRIE HAPA. Kuna mama aliniuliza mbele za watu."

Komenti hiyo ilikuwa miongoni mwa nilizozisafisha. Ikabaki `Return net weight.` peke yake.

Mnajua kilichofuata. Kijana tuliyemchukua, mwerevu kuniliko, alilipitia faili akakuta mistari kumi na mmoja ya `Decimal` inayofanya kazi ya mstari mmoja. Alisoma nyaraka, kama nilivyomwagiza. Nyaraka zilisema rudisha uzito baada ya kutoa gunia. Akaandika mstari mmoja unaorudisha uzito baada ya kutoa gunia, wenye `round()`.

Karani ndiye aliyenipigia, kabla fedha hazijatoka, Mungu amzidishie: "Mzani na leja havisemi kitu kimoja."

"Kaka, nilifuata ulichoandika," kijana akaniambia. Na kweli alifuata.

Usiku ule nikazalisha kurasa mbili, ya msimbo wa kabla na ya msimbo wa baada, nikaziweka kando kwa kando. Hazikutofautiana hata nukta. Mfumo ulikuwa umeharibika katika sehemu ile ile iliyowahi kunitia aibu, na nyaraka zilizozalishwa kutoka ndani ya tumbo lake zilikuwa zinatabasamu.

Nimesikia mara ngapi kwamba faida ya kuzalisha nyaraka kutoka kwenye msimbo ni kwamba haziachani? Nimesema mwenyewe mara ngapi?

Majina hayaachani. Idadi ya vigezo haiachani. Maneno yanakaa tu jirani na msimbo, na ujirani, mama yule angekwambia, si udugu.

## Mfano unaopiga kelele

Tim Peters, mmoja wa wakongwe wa Python, aliwahi kuandika kifaa kidogo kinachoitwa doctest. Kimo ndani ya Python tangu toleo la 2.1, toleo lilelile lililoileta pydoc. Hupita kwenye dokistringi kikitafuta alama `>>>`, hutekeleza kilichofuata, na kulinganisha jibu na ulichoandika chini yake. Nilikuwa nakijua kama unavyomjua mtu wa mtaani ambaye hamjawahi kusalimiana.

Sasa fanksheni ile inasomeka hivi:

```
def uzito_halisi(mzani, magunia):
    """Rudisha uzito wa korosho baada ya kutoa magunia.

    Usikadirie hapa. Nusu kilo ni ya mkulima mpaka
    jumla yake ya mwisho.

    >>> uzito_halisi("81.5", 1)
    Decimal('80.5')
    >>> uzito_halisi("82.5", 1)
    Decimal('81.5')
    """
```

Mama na jirani yake wote wawili wako pale, kwenye ukurasa, kwa Kiswahili. Niliurudisha mstari wa kijana kwa makusudi, nikaita `python -m doctest malipo.py`, nikaambiwa nilitarajia `Decimal('80.5')` nikapata 80. Niliuondoa tena, na doctest ikanyamaza kimya. Ndiyo tabia yake, mambo yakiwa sawa haisemi neno.

Kina ukaidi wake. Hulinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo `80.5` na `Decimal('80.5')` kwake ni vitu viwili, na nilipoteza saa nzima kwa ajili ya nafasi moja iliyozidi. Tena hakijui kwa nini. Kinajua 80.5 tu. Sababu niliiandika mimi, na kesho mtu anaweza kuifuta mifano ikabaki inapita.

Kijana aliponiuliza kama na yeye aandike zake kwa Kiswahili nilisita kuliko nilivyotarajia. Akihama hapa, akaenda kampuni yenye watu wa nchi nne, Kiingereza hiki cha kuchomekea ndicho watakachomdai. Nilimwambia aandike kwa lugha atakayoitumia akinipigia simu saa nane usiku mfumo umekwama. Akacheka, akasema hiyo itahitaji kuchujwa.

## Msiniulize

Ikabaki `toa_makato`.

Nilikaa nayo jioni tatu. Amri: *Toa makato ya…* Ya nini? Msimbo ulikuwa wazi kabisa: chukua kilo, zidisha kwa kiasi fulani cha shilingi, toa. Nilichokuwa nacho juu yake ni maneno ya msimu wa kwanza, siku niliyopewa namba ile kwa simu, mtandao unakatika, na nilipouliza sababu nikajibiwa "mwenyekiti kasema". Nikaandika nilichosikia. Wiki zote hizi nilikuwa naombolezea komenti zangu za Kiswahili kama ndizo zilizokuwa na ukweli, na hii, ambayo ndiyo iliyonifedhehesha, ilikuwa umbea wenye alama ya reli.

Nikaenda ofisini kwake Jumamosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe Msiniulize umekuja kuuliza."

Nilimweleza. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa daftari la mihtasari, lile gumu lenye kingo nyekundu, akafunua kurasa akilowesha kidole. Haikuwa yeye aliyetaka. Ulikuwa mkutano mkuu, na wanachama walipiga kura ya mikono: kila mkulima akatwe kiasi kile kwa kila kilo, yanunuliwe madawati ya shule ya msingi. Waliokubali wamehesabiwa, waliokataa wamehesabiwa. Na yeye, kwa mujibu wa muhtasari, alikuwa miongoni mwa waliotaka kiasi kiwe kidogo zaidi.

Nikawa nanakili kwa haraka ili nipate dokistringi yangu. *Toa mchango wa madawati, kwa azimio la mkutano mkuu wa…*

"Andika na hii," akasema, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

Mchango huo utakatwa kwa misimu mitatu.

Nilihesabu kimya. Mfumo wangu ulianza kutumika msimu uleule wa azimio. Nje ya dirisha vijana walikuwa wanapanga magunia matupu. Msimu mpya ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

"Huo mtambo wako," mwenyekiti akaniuliza, "ungeacha wenyewe?"

"Hapana, mzee. Ungeendelea kukata."

Akalifunga daftari. Kisha akalifungua tena, akavaa miwani, akaanza kuhesabu misimu kwa vidole.